Nitanie, Mtani

"Toka! Toka nyumbani kwangu na kimashine chako!" Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mishipa ya shingo imemtoka. "Umemchoma mwanangu sindano, umemnywesha madawa, leo unakuja kuniambia damu imeharibika kuliko mwanzo? Kuliko mwanzo! Basi sumu ni hiyo dawa yako!"

"Mama Kalaba, nisikilize kwanza..."

"Sisikilizi! Mwaka mzima nakusikiliza wewe tu!"

"Hujanisikiliza hata siku moja!" Dokta Njobvu naye akapandisha, na mimi sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Hata siku moja! Ungenisikiliza huyu mtoto angekuwa anakimbia huko nje!"

Huyu mtoto ni mdogo wangu, Kasuba. Nilikuwa nimempakata pale chini kwenye mkeka, wao wanarushiana maneno juu ya vichwa vyetu. Kasuba hakushtuka. Ndicho kilichokuwa kinanitisha. Mtoto wa miaka minne, watu wazima wanafokeana hivyo, yeye anageuzageuza ganda la karanga mkononi kana kwamba yuko peke yake duniani. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Nilikuwa nalisikia chini ya kiganja changu.

Ngoja niseme vizuri, maana nikiwa na hasira naongea mbiombio.

Kalaba ndiyo mimi. Nimemaliza shule, sijafaulu, sina kazi. Nilikwenda Kapiri kupakia magunia kwenye malori, nikarudi juzijuzi niliposikia Kasuba kaanguka bombani, kakakamaa, mapovu mdomoni. Nyumba yetu iko hapahapa Kabwe, upande ule upepo wa kiangazi unakoelekea. Mgodi ulifungwa mimi sijazaliwa, lakini lundo lake la mabaki halikufungwa. Lipo, jeusi, kubwa kama mlima. Upepo ukivuma linakuja kwetu kidogokidogo, linaingia kwenye maji, kwenye nywele, kwenye nshima, ugali wetu. Ni vumbi la risasi. Si risasi ya bunduki, ni yale madini. Ya bunduki angalau ungesikia mlio.

Dokta Njobvu ni mtafiti, ametoka chuo cha Lusaka. Kazi yake ni kupima udongo wa nyumba zetu na damu ya watoto wetu, halafu kutafuta namna ya kuwaokoa. Alipoanza, mtaa mzima ulimfungia milango. Wenye nyumba walisema atawafukuzia wapangaji. Akina mama walisema anakusanya damu akauze. Kuna mzee alimfungulia mbwa. Sasa siku alipobisha kwetu, Mama alitoka na uso wa kumfukuza, nilimwona kabisa, kashika na mwiko.

"Wewe nani?"

"Naitwa Dokta Njobvu."

"Njobvu wa wapi?"

"Wa Chipata."

"Mngoni?"

"Mngoni kabisa."

Mama akajipiga paja. "Jamani! Kalaba, wafungie panya wetu, mwenye kuwala kafika!"

Dokta naye hata hakupepesa. "Kumbe ni kwa Wabemba? Nilikuwa najiuliza mbona porini kimya, nyani wote wamekwenda wapi. Kumbe wako sufuriani humu."

Basi ikawa imeisha hapo. Mbemba na Mngoni wakishakutana ni utani, babu zao walipigana wakachoka, wajukuu wakabaki na kutukanana. Na ukitaniwa hununi. Babu yangu alipokufa, jirani yetu Mngoni aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka aletewe kuku, na sisi wafiwa tulicheka huku makamasi yanatutoka. Ndivyo ilivyo. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote.

Dokta akala nshima kwetu siku hiyohiyo, na mboga za karanga. Kumpima Kasuba Mama akakubali palepale, huku anamwambia Kasuba, "Mpe damu huyu Mngoni, panya hawamtoshi." Kasuba akacheka. Wakati ule alikuwa anacheka. Alikuwa anawajua kuku wetu wote kwa majina, na majina kawapa mwenyewe. Kuna jogoo alimwita Mchungaji kwa sababu anaanza makelele kabla watu hawajaamka. Kuna tetea alimwita Shangazi. Ukimkosea jina anakusahihisha, kakunja uso kama mwalimu.

Majibu yalipokuja yalikuwa mabaya. Hospitali wakampa dawa ya kuitoa risasi mwilini, na Dokta akaleta lori. Udongo mwekundu, msafi, kutoka mbali huko. Wakaumwaga uwanja mzima juu ya ule mweusi, wakausawazisha, wakapanda nyasi juu yake ziushike. Kasuba achezee pale bila kula sumu. Ndiyo ulikuwa utafiti wenyewe: kujua kama mtoto anaweza kupona akiwa palepale kwao, bila kuhamishwa, maana watu wote hawa utawahamishia wapi?

Sasa hapo ndipo jambo lilipoharibika, na mimi nilikuwepo nikicheka na wenzangu.

Mjue kwanza kwetu mwanamke anapimwa kwa uwanja wake. Alfajiri unasikia mtaa mzima, fya, fya, fya. Uwanja unafagiliwa unabaki mtupu, michirizi ya ufagio imejipanga kama nywele zilizochanwa, hata kuku akipita unaona nyayo. Uwanja wenye nyasi ni wa mvivu, au ni wa nyumba ambayo mama kafa. Na nyoka anakaa humo. Na wa Mama yangu ndio ulikuwa wa kwanza mtaani. Watu wakipita na bibi harusi walikuwa wanasimama kumwonyesha, "Unaona? Hivi."

Dokta alikuwa anayajua haya yote. Akaogopa kumwambia Mama waziwazi kwamba ufagio wake ndio unaomrushia mtoto sumu puani. Akaona aipitishe kwenye utani, itashuka laini.

"Sikia, mtumwa wangu," akasema, mikono kiunoni. "Nyasi zangu usiziguse, na huo ufagio utupe chooni. Siku nikikuta umefagia hapa, nakubeba nakwenda kukuoza kwa babu yangu Chipata. Hana jino hata moja."

"Mwambie aandae uji," Mama akajibu, "maana kesho asubuhi nafagia!"

Tukacheka. Mimi, Mama, Dokta, hata dereva wa lori.

Na kweli kesho yake akafagia. Na keshokutwa. Nyasi zikang'oka moja moja. Gari la Dokta likikata kona tu, Mama anaukimbilia ufagio, anakuja kumfagilia mpaka kwenye vidole vya miguu. "Pita mtani, nakusafishia njia, nyie mmezoea mashimo ya panya." Dokta anarukaruka, anapiga kelele, "Jamani huyu Mbemba ataniua!" anacheka mpaka anafuta macho. Yeye anadhani Mama anauchukua ufagio kwa ajili yake, kumchokoza, akishaondoka anauweka. Mama naye anadhani lile katazo ni mchezo, maana mtani akikwambia simama unakaa, akikwambia kaa unasimama. Huo ndio utani wenyewe.

Kisha mimi nikaenda Kapiri.

Leo asubuhi Dokta alikuja hakucheka. Alisimama uwanjani na kile kimashine chake anachokielekeza chini kinamsomea kilichomo kwenye udongo. Akapima mlangoni, akapima chini ya mpera, akachuchumaa pale Kasuba anapopikia vyungu vyake vya matope. Alipoinuka magoti yalikuwa meusi. Akaingia ndani akatoa majibu ya damu. Ndipo kelele zikaanza, nilipoanzia mimi.

"Haya niambie," Dokta akasema sasa, anapumua kama amekimbia. "Udongo wangu uko wapi?"

"Udongo gani?"

"Ule mwekundu! Lori zima nililoleta! Uko wapi?"

"Nje! Utakuwa wapi? Nimeula?"

"Nje hakuna. Nje ni ule mweusi wa zamani. Nimeuona wangu, uko kule kwenye uzio, umejirundika kama kichuguu. Umefagiliwa wote, Mama Kalaba. Umeufagia kidogokidogo mpaka umekwisha!"

"Ndiyo nimefagia! Kwani nilikuficha? Si nilikwambia nafagia? Si nilikuwa nafagia mbele ya macho yako?"

"Nilidhani unatania!"

Mama akauegemea mlango wa jikoni.

Nje Mchungaji akawika. Kasuba akainua kichwa, akanyoosha kidole mlangoni. "Ile," akasema. Basi. Siku hizi kuku wote ni ile. Nami pia ni ile.

"Wewe ndiye uliyekuwa unatania," Mama akasema. Sauti imeshuka. "Ulikuja ukaniita mtumwa wako. Ukasema utaniozesha kwa kibogoyo. Mtu mwenye habari ya kifo anasema hivyo?"

"Nilitaka uniachie mlango wazi."

"Nilikuachia."

"Ndiyo. Uliniachia." Dokta akajishika paji la uso. "Nikaona mlango uko wazi, nikadhani na sikio liko wazi. Nyumba nyingine nilikaripia, niliwatisha, walinichukia, lakini nyasi zao zipo. Hapa kwako tu ndipo nilipopapenda. Nilikuwa nakuja hapa kupumzika."

Mimi nikashindwa kukaa kimya. "Sasa mnagombania nani alianza? Dokta, sema anafanywaje. Arudishiwe dawa?"

"Hospitali hawampi tena, Kalaba. Nimetoka kuongea nao. Wakimtoa risasi leo, kesho anarudi kuilamba hapohapo, na ile dawa nayo ina ukali wake mwilini. Aondoke kwanza. Aondoke leo, akae mahali pasipo na vumbi hili, ndipo nitawapigia magoti."

"Akirudishiwa udongo mwingine?" Mama akauliza haraka. "Lete lori lingine. Sitafagia. Naapa mbele ya mwanangu, sitafagia."

"Lori lingine halipo. Utafiti umefungwa. Hilo lilikuwa la mwisho."

"Nitabeba kwa beseni. Nitatembea mpaka huko ulikoutoa, nitabeba kwa kichwa."

"Na yeye atakuwa anakula nini wakati unabeba? Ameshaanguka mara moja. Akianguka tena..." Dokta akaniangalia mimi, akaangalia chini, kisha akamgeukia Mama. "Dada yako wa Serenje nimempigia. Amekubali. Gari liko nje, nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni."

"Kwa nini umempigia dada yangu?" Sasa zikarudi zile kelele. "Umemwambia nini? Umemwambia kwamba mimi, mimi ambaye wanaoza mabinti kwa kuwaonyesha uwanja wangu, nimemlisha mwanangu sumu kwa ufagio? Kila asubuhi? Nimeamka kabla ya jogoo kwenda kumuua? Haondoki! Akiondoka watu watasema ni kweli!"

"Ni kweli, Mama," nikasema.

Akanigeukia. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea. "Wewe kaa kimya. Mtihani wenyewe ulikushinda."

Ikaniingia hiyo. Maana kuna siku, kabla sijaenda Kapiri, Dokta alinipa lifti nikamuuliza. Nikamwambia, Dokta, na mimi nimekulia uwanja huohuo. Hesabu naziangalia zinaniruka kama panzi. Nikikaa kitako miguu inataka kuondoka. Ni mimi hivi, au ni lile lundo? Akabadilisha gia. Halafu akasema, "Sijui, Kalaba. Kipimo cha kuniambia ungekuwa nani hakipo." Tangu siku hiyo nikikosea kitu chochote, hata kumwaga chai, najiuliza ni nani amekosea.

Sikumwambia Mama hilo. Nilimbana Kasuba tu, nikahisi mbavu.

Dokta akamsogelea Mama. Akamwita, "Bupe."

Humu ndani hakuna anayemwita Mama jina lake. Ni Mama Kalaba, au siku za Dokta ni mtumwa, mla nyani, mke wa kibogoyo. Mama akarudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Usiniite hivyo."

"Bupe, mwachie mtoto aondoke."

"Usiniite hivyo nimesema! Unaniogopesha." Akamshika Dokta mkono, akauvuta kama mtoto anayeomba kitu dukani. "Nitanie, mtani. Sema tena vile. Sema mimi ni Mbemba mjinga, sema utanibeba kunipeleka Chipata. Nitanie. Kama unaweza kunitania basi si mbaya hivyo. Hata msibani mnatutania, hata kaburini. Kwa nini hunitanii?"

Dokta alijaribu. Mungu anaona, alijaribu. Akaweka mikono kiunoni kama siku ile ya lori. "Wewe Mbemba," akaanza. "Wewe mla nyani, nita... nitakubeba..."

Basi. Sura ikamvunjika. Akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakikosa, mguu wake ukapiga ungo wa karanga uliokuwa pembeni ya mkeka. Maganda yakaruka yakatawanyika sakafu nzima. Akakaa chini humohumo kwenye maganda, akalia kwa sauti, mtu mzima na kitambulisho chake shingoni.

Mngoni kulia kwenye msiba wa Mbemba. Sijawahi kuona. Na mwenye msiba hajafa, yuko mapajani mwangu anachezea ganda.

Mama alimwangalia Dokta. Akayaangalia maganda. Halafu akageuka, na mimi nikajua anafuata nini kabla hajanyoosha mkono. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pake pa siku zote. Akauchukua akainama.

Fya.

"Acha," Dokta akasema pale chini. "Bupe, acha. Maji. Mwagia maji kwanza."

Fya, fya. Mama hata hakusikia. Machozi yalikuwa yanamdondokea miguuni, lakini mkono ulikuwa unakwenda vilevile, mgongo umepinda vilevile, alivyopinda kila asubuhi ya maisha yangu. "Hatuwezi kukaa kwenye uchafu," akasema. "Mgeni yuko ndani. Hatuwezi kukaa kwenye uchafu."

Jua lilikuwa limeingia kwa dirishani, likakata chumba katikati. Humo kwenye mwanga nikaliona vumbi. Jembamba, la kijivu, linapanda polepole, linazunguka, zuri kabisa. Kasuba akaliona pia. Kwa mara ya kwanza siku nzima akatabasamu. Akanyoosha mkono akalishika, akafumba kiganja, akakileta mdomoni kuangalia kama kapata kitu.

Nikasimama.

"Unakwenda wapi naye?" Mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Serenje."

"Hajala."

"Atakula njiani."

"Mvalishe viatu, Kalaba. Asionekane kama hana mama."

Viatu vyake vilikuwa pale kizingitini, vile vya bluu vya sikukuu. Nikainama nikavichukua. Nikavigeuza, vumbi jeusi likamwagika kama unga. Nikavirudisha chini, kimoja kando ya kingine.

"Mama, weka chini ufagio uje na sisi."

Fya. Fya.

"Mama."

"Nikimaliza," akasema. "Nikimaliza hapa."

Dokta alikuwa anajitahidi kuinuka, kashika ukuta, kitambulisho kimemgeukia mgongoni. Sikumngoja. Kasuba alikuwa mwepesi kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Nikamfunika uso kwa shati langu, nikavuka kizingiti, na mlango nikauvuta nyuma yangu kwa nguvu mpaka ukakaa sawasawa kwenye fremu, vumbi lote libaki humo ndani, na Mama humohumo.